Mjomba na gari isiyo na milango: muulizeni kwanza anataka kumpakia nani

Ndugu yetu wa Wete kauliza jambo lililonigusa, nami nina gari ya ajabu mwaka wa nane huu, kwa hiyo mnistahamilie nikimjibu kwa urefu. Kwa aliyechelewa kuingia: mjomba wake kapata fedha za karafuu msimu huu. Nyumbani wote walitaraji atanunua Noah, au Carry ya kubebea mizigo. Yeye kakolewa na Mini Moke kuukuu iliyokuwa ya mwenye hoteli mmoja wa pwani. Milango haina, vioo vya pembeni havina, na juu ni turubai tu. Ndugu yetu anauliza wazimu huu unatoka wapi na amzuie vipi mzee.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Unguja. Wateja wangu wengi wana Vitz, IST na Noah, lakini kila mwaka hunipitia mmoja au wawili wenye vitu ambavyo fundi wa pili kavikataa. Nimezungumza nao sana wakati nikiwafanyia kazi. Sijamkuta hata mmoja aliyechanganyikiwa akili. Wote wanajua kabisa kuwa kwa fedha ile ile wangepata gari ya maana zaidi.

Yangu ni Toyota WiLL Vi. Zilitengenezwa mwaka 2000 na 2001 tu, na asiyezijua akiiona mara ya kwanza hudhani imepata ajali ikakatwa mkia. Kioo cha nyuma kimelala kinyume: badala ya kuteremka kuelekea nje kama gari nyingine, kinaingia ndani, na paa linakifunika kwa juu kama upenu wa nyumba. Watu wameifananisha na lile boga la hadithi ya Cinderella lililogeuka gari la farasi, na ukiitazama kwa ubavu hutabisha. Mbele ina siti ndefu mfano wa benchi, na mkono wa gia uko kwenye shina la usukani, kwa hiyo baina ya dereva na abiria wake pako wazi.

Kijana aliyeniuzia alikuwa mtu wa Mwanakwerekwe. Aliiuza kwa kuchekwa na wenzake. Mimi niliinunua kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili ya hilo benchi hasa. Mama nyonga zinamuuma, na kwenye Vitz niliyokuwa nayo alikuwa akilalamika kuwa ile gia na breki ya mkono vinamtenga na mimi, anakaa amejikunja kama mgeni. Kwenye hii anaingia, anajisogeza, anaweka kikapu chake cha ukili baina yetu, na safari inaanza hapo hapo na mazungumzo.

Sasa sikilizeni lililotokea siku ya kwanza. Tulitoka Mtoni kwenda kumwangalia mgonjwa Kikwajuni, mwendo ambao siku ya kawaida hautimii dakika ishirini. Tulichukua saa nzima na zaidi. Darajani watoto wa skuli walitukimbilia. Kikwajuni kwenyewe, kwenye baraza moja, mzee mmoja aliinuka na mkongojo wake, akaja hadi nyuma ya gari, akaweka kiganja juu ya kile kioo, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Anglia hii! Mwalimu wetu alikuwa nayo Anglia." Na alikuwa na haki ya kuikumbuka, maana Ford Anglia ya mwaka 1959 ilikuwa na kioo cha nyuma kilicholala vivi hivi, na Citroën Ami 6 ya mwaka 1961 pia. Mama alishusha kioo chake kumsalimia. Kumbe mzee anamjua marehemu babu yangu wa Makunduchi, walikuwa wakivua pamoja. Wakashikana maneno pale nami nimesimama juani na ufunguo mkononi. Kurudi nyumbani mama hakunyamaza njia nzima, na nilikuwa nimeshasahau sauti yake ya furaha inavyokuwa.

Hapo ndipo nilipofahamu nimenunua nini. Sisi ni watu wa salamu na baraza. Ukipita kwa miguu utaulizwa umeamkaje, watoto hawajambo, mama anaendeleaje. Ukipata gari nzuri yenye vioo vyeusi na kiyoyozi, yote hayo yanakupita nje ya kioo, na mwaka wa pili watu hawakuiti tena. Chombo cha ajabu kinakurudisha. Mtu haoni haya kukisogelea na kuuliza, na akishauliza habari ya gari, atauliza na hali ya mama. Kwa nilivyoona mimi, wengi wanaovinunua wanatafuta hilo, hata kama mdomoni watakwambia wanapenda umbo au rangi.

Na msiseme ni mambo ya vijana wa leo. Seyyid Barghash, mfalme wetu wa Zanzibar, huyo huyo aliyejenga Beit el Ajaib mwaka 1883 na kuuletea mji maji ya mfereji, mwaka 1879 alitandika reli kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, kama kilomita 11 hivi. Mabehewa yalikuwa ya fahari, na mwanzo yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ndipo akaagiza kichwa cha treni kidogo kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Haikubeba karafuu wala nazi. Ilimpeleka mfalme kasrini kwake, na alipofariki mwaka 1888 reli ikang'olewa. Alikuwa mtu wa akili nyingi, na Chukwani hata kwa mashua au kwa farasi angefika.

Mfano mwingine ni wa Marekani. Wajerumani walitengeneza gari iitwayo Amphicar, kuanzia mwaka 1961, inayokwenda barabarani na majini. Nyuma ina panka mbili, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi ya usukani ikiwa ndani ya maji. Waliiita 770 kwa kuwa majini inakwenda noti 7 (kipimo cha mwendo wa vyombo vya majini) na barabarani maili 70 kwa saa. Rais Lyndon Johnson alikuwa nayo kwenye shamba lake Texas. Alikuwa akiwapakia wageni, akiteremka nao kilima kuelekea ziwani huku akipiga kelele kwamba breki zimekatika, mpaka gari inaingia majini na wageni roho ziko mkononi, kisha inaelea. Mtu wa pwani ataiuliza gari ile swali moja tu, la chumvi, na jibu lake si zuri: ikishaogelea ilihitaji kupakwa grisi sehemu 13, na mojawapo hufiki mpaka ung'oe siti ya nyuma. Hata hivyo Johnson hakuitaka kwa usafiri. Aliitaka kwa wageni.

Tena hili neno "isiyofaa" lina mipaka yake. Baba yangu kaendesha Vespa maisha yake yote, na fundi wa bara akiziona bado zimejaa hapa mjini hushangaa: magurudumu madogo, shimo dogo tu linakutikisa meno. Lakini aliyeichora Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa vyombo vya angani na pikipiki hazikumpendeza. Kwa hiyo ilipotoka mwaka 1946 haikuwa na mnyororo. Injini imekaa pembeni ikisukuma gurudumu la nyuma moja kwa moja, ikafunikwa kwa bati, na mbele ya miguu pakawekwa kinga na pa kukanyagia. Hakuwafikiria Wazanzibari. Lakini mwambieni mtu anayekwenda msikitini Ijumaa na kanzu nyeupe achague baina ya chombo hicho na pikipiki yenye mnyororo uliojaa oili. Na mwanamke na buibui lake anakaa juu yake kwa stara.

Basi tuje kwa mjomba. Mini Moke ina historia inayofanana na hamu yake. Alec Issigonis, aliyebuni gari ya Mini, aliikusudia jeshi la Uingereza, iwe nyepesi ya kuweza kuteremshwa kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Jeshi likaikataa, maana magurudumu yake ni ya inchi 10 na tumbo lake liko chini mno, kwenye matope na mawe inakwama. Mwaka 1964 ikaanza kuuzwa kwa raia. Waingereza wenyewe, na baridi yao, hawakuinunua sana, lakini visiwani ikapata kwao. Huko Shelisheli Moke imewabeba watalii miaka mingi, na baadaye ikatengenezwa Australia na Ureno. Kilichowashinda askari ndicho watu wa ufukweni wanachokipenda: unaingia umelowa na mchanga miguuni, na ukifika nyumbani unaiosha kwa ndoo.

Kwa hivyo kabla ya kumzuia, muulizeni anataka kumpakia nani. Akisema karafuu, mzuieni kwa nguvu zote. Mnajua kuliko mimi karafuu iliyoanikwa siku nne ikinyeshewa njiani inakuwa nini mbele ya mpimaji. Akisema ndiyo itakuwa gari yake peke yake ya kwenda Chake hospitali usiku wa masika, mzuieni pia. Lakini akisema anataka kuwapeleka wajukuu ufukweni Vumawimbi siku ya Idi, au kupita nayo Konde jioni watu wamwone na yeye awaone, basi mwachieni, na muende naye kuikagua.

Nilishawahi kutengeneza Mini ya mwalimu mmoja wa Mbweni, na Moke ndani ni Mini ile ile, kwa hiyo haya nayajua kwa mikono yangu. Injini na giaboksi vinaoga oili moja. Mwenye nayo akiwa mvivu wa kubadilisha oili, gia ndizo zinazolipa, kwa hiyo chomoeni kijiti cha oili mtazame kama kuna vumbi la chuma linalometameta. Mbavuni kuna maboksi mawili marefu ya bati, tangi liko upande mmoja na betri upande wa pili. Hapo ndipo kutu inapoanza, na gari iliyokaa pwani kwa miaka haikosi. Pigeni kwa mpini wa bisibisi toka mbele hadi nyuma, mkisikiliza. Bati zima linalia. Lililooza linajibu kama kadibodi, hata likiwa limepakwa rangi mpya.

La tatu ni mvua. Distributa ya Mini, kile kifaa kinachozigawia plagi umeme, imekaa mbele, nyuma ya wavu wa uso wa gari, na maji ya barabarani yanaipiga moja kwa moja. Ile ya Mbweni ilikuwa ikizima kila penye dimbwi. Nilinunua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, nikakata ncha za vidole. Waya nne za plagi nikazipitisha kwenye vidole vinne, waya wa koili ukapita kwenye dole gumba, na kiganja nikakivutia juu ya distributa kama kofia. Haikuzima tena masika yote. Mwambieni mjomba anunue glavu mbili.

La mwisho ni spea, na hili limenitoa machozi. WiLL Vi injini yake ni ya ukoo wa Vitz na Funcargo, kwa hiyo pampu ya maji, breki na bushi napata dukani siku ile ile. Lakini mwaka wa tatu mashine ya kukata majani ilirusha jiwe, kile kioo cha nyuma kikamwagika chote. Kisiwa kizima hakuna. Wakala mmoja alichukua fedha zangu, nikangoja miezi mitano, kikaja kioo cha gari nyingine, na fedha hadi leo sijaziona. Nikakata kigezo cha kadibodi, nikakipeleka kwa wachora mabango, wakanikatia plastiki ngumu ya kung'aa, tukaibandika kwa silikoni. Mvua haiingii, maana paa linaifunika, lakini jua limeshaifanya iwe na ukungu na usiku sioni nyuma vizuri. Mama anajua, na bado akitaka kutoka husema, "Lete benchi langu."

Kwa hiyo mjomba, kabla hajatoa shilingi, amuulize muuzaji ukubwa wa magurudumu. Yakiwa ya inchi 10 ajue mpira mpya atapata wapi, na kama hajui, auziwe na mipira minne ya akiba. Baadhi ya zilizotengenezwa Australia zina inchi 13, hizo ni nafuu. Turubai asilihesabu, fundi wa mahema atalishona. Na jibu lake kuhusu nani atapanda, ndugu yangu, rudi utuandikie hapa. Ningependa sana kulijua.