Seva ya Moshi: mzigo wa kwanza upeleke kwa gari

Ndugu, nimekuelewa: seva yako ya nakala rudufu (kompyuta inayotunza nakala za akiba za mafaili) iko Arusha, ina data ya terabaiti 2, na unataka pacha wake mjini Moshi. Mzigo wa kwanza, yaani data hiyo yote, usiupitishe kwenye intaneti. Kwa megabiti 10 kwa sekunde utachukua zaidi ya siku 18. Nakili kwenye diski iliyosimbwa kwa nywila, panda nayo gari, ni kama kilomita 80 tu. Baadaye tuma mabadiliko pekee, usiku.

Seva ya Arusha isiwe na ruhusa ya kufuta mafaili yaliyoko kwenye seva ya Moshi. Mimi nilipoteza mafaili ya mwezi mzima: kilichofutwa huku kikafutika na kule. Tunza matoleo ya nyuma ya mafaili, na kila mwezi rudisha faili moja ulifungue mwenyewe. Kama zimo taarifa za wagonjwa, muone kwanza mtaalamu wa usalama.