Nahodha anayetaka kuifundisha timu ya taifa
Ndugu, umeuliza kama jina ulilojijengea ukiwa nahodha litatosha kukupa timu ya taifa mara utakapotundika daluga. Halitoshi. Mtazame Aliou Cissé, nahodha wa Senegal iliyoifunga Ufaransa katika Kombe la Dunia la 2002, aliyekosa penalti mwaka huohuo katika fainali ya Afrika dhidi ya Kamerun: hata yeye alifundisha kwanza vijana wa chini ya miaka 23, akakabidhiwa timu kubwa mwaka 2015, akapoteza fainali ya Afrika ya 2019, na kombe hilo likaja Februari 2022. Anza kozi za leseni za ukocha za CAF (Shirikisho la Soka Afrika) ungali unacheza, kisha uombe kuwa kocha msaidizi wa vijana.