Leseni ya vileo aliyoiacha mwenye baa wa zamani, naweza kuitumia?

SWALI: Shikamoo dada. Nimekodi mgahawa, aliyekuwepo alikuwa anauza bia na pombe kali, kaondoka na leseni yake kaiacha ukutani kwenye fremu, bado ina miezi 5. Dalali ananiambia we uza tu, leseni ni ya jengo. Bia zishajaa kwenye friji ila roho inasita. Ni kweli? Na yangu naipataje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze hata chupa moja kwanza. Isogelee hiyo fremu uisome, utaona jina la mtu au kampuni, anuani na aina ya vileo vinavyoruhusiwa, na vyote hivyo lazima viendane na hali ilivyo leo. Dalali kasema nusu tu, leseni imefungwa kwa jengo na imefungwa pia kwa mtu, mtu akibadilika inahamishwa rasmi au unaomba mpya. Kuhamisha kwa kawaida kunataka saini ya aliyeondoka, kwa hiyo mtafute leo leo kabla hajabadilisha namba ya simu.

Kama ni kuomba mpya, pima kwanza jengo lako liko karibu na nini, maana hapo ndo wengi wanakwama wakiwa wameshalipa pango. Mfano New York, baa ya pombe kali kwa kawaida haipewi leseni ikiwa mtaa mmoja na shule au nyumba ya ibada ndani ya futi 200, yaani kama mita 61 tu. Kila nchi ina kipimo chake, ofisi ya leseni watakwambia.

Halafu majirani. England na Wales, kwa sheria ya 2003, mwombaji anabandika tangazo kwenye karatasi ya bluu iliyopauka siku 28 ili mtu akitaka kupinga apinge, na sehemu nyingine nyingi pia majirani wanasikilizwa. Nenda kawaone mapema, waambie utafunga saa ngapi na muziki utakuwaje, mtu uliyemfuata mwenyewe mara nyingi hapeleki barua ya kukupinga.

Na ramani, jamani ramani! Nilimsaidia ndugu yangu kuomba, tukachora kaunta, stoo, vyoo, milango yote, meza za nje tukasahau. Leseni ikatoka safi kabisa ila ya ndani tu, ikabidi turudi kuomba marekebisho na meza zikakaa tupu msimu mzima. Chora kila mahali mteja atakaposhika glasi.

Ukijaza fomu sema wazi kama watu watanywea hapo hapo au wataondoka nayo, na kama ni bia na mvinyo tu au na pombe kali. Wakaguzi wa afya na zimamoto nao wanaweza kuja.

Hiyo fremu ishushe leo, ila karatasi usiitupe, kwenye kuhamisha wataiulizia.