Barua kwa mwanangu: shilingi 18 zilizozidi

Mwanangu mpendwa,

Siku ile sikukujibu kwa sababu nyumba ilijaa wageni. Uliniuliza kama niliwahi kutoa adhabu ambayo moyo wangu uliikataa. Ndiyo, mama. Niliitoa, nikaitia sahihi kwa mkono huu huu.

Ilikuwa 1968, nikiwa hakimu wa wilaya, mgeni kabisa kazini. Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka saba. Wanasheria wazalendo tulikuwa bado wachache mno. Hata Jaji Mkuu, Telford Georges, alitoka visiwa vya Karibi, na ni 1971 ndipo Augustino Saidi akawa Mtanzania wa kwanza kukikalia kiti kile. Ndiyo maana kijana wa miaka 26 alikabidhiwa mahakama ya wilaya.

Aliletwa karani wa serikali, kijana wa rika langu, kwa wizi wa fedha za ofisi. Alikiri bila kusumbua. Sasa, Sheria ya Adhabu za Kima cha Chini ya 1963 ilikuwa imetufunga mikono. Mtumishi wa umma akiiba, kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, kumi na viwili siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe, kama watu walivyozoea kusema. Mlango mdogo ulikuwepo. Kama ni kosa la kwanza, mali haizidi shilingi 100, na kuna sababu za pekee, hakimu aliweza kupunguza.

Sababu alikuwa nazo. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, na alishaanza kurudisha kidogo kidogo kabla hajakamatwa. Kosa lilikuwa la kwanza. Fedha zilikuwa shilingi 118.

Nilimwomba inspekta aliyeendesha mashtaka apitie stakabadhi upya. Akazipanga mezani moja moja, akilowesha kidole kwa ulimi, mimi nikijumlisha pembeni kwa penseli. Mia moja na kumi na nane. Nikaomba turudie. Inspekta akanitazama, akarudia bila kusema neno, nadhani alinielewa. Jumla ikawa ile ile.

Yule kijana alijitetea kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiingereza, maana kumbukumbu za mahakama ya wilaya ndivyo zilivyowekwa. Alisema, "Mheshimiwa, nilizichukua kwa haya, si kwa tamaa." Kalamu ilisimama. Nilitafuta neno la "haya" ile, aibu ya baba asiye na hela ya dawa, nikalikosa. Nikaandika kitu cha karibu tu. Hilo linaniuma kuliko viboko, kwa sababu viboko viliamriwa na Bunge, lakini neno lake nililipunguza mimi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuandika 98. Nani angejua? Lakini siku nyingine angesimama mbele yangu mtu nisiyempenda, na kalamu iliyozoea kupunguza ingejua pia kuongeza. Niliandika 118, nikaandika na sababu zake zote, kurasa tatu, ili jaji yeyote wa Mahakama Kuu atakayelifungua jalada aone kuwa aliyehukumiwa ni mtu. Nikamalizia kwamba sheria haikuniachia nafasi. Halafu nikamsomea adhabu kwa Kiswahili, polepole, nikimtazama usoni. Mama yako alikuta chakula cha usiku hakijaguswa.

Viboko vile viliondolewa 1972. Nilisoma habari hiyo ofisini nikafunga mlango, maana nisingependa karani wangu anione nilivyokuwa.

Nilipokuwa jaji, majalada ya mahakimu vijana yaliponijia, nilianza kusoma maneno ya mshtakiwa kabla ya hukumu. Palipoandikwa "hana la kusema" nilisimama hapo muda mrefu, nikijiuliza alisema nini hasa.

Wewe sasa unaandika kumbukumbu za kesi kila siku. Ukija Pasaka njoo na moja ya hukumu zako tuisome pamoja.

Baba yako