Huyu Deion Sanders alicheza kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri, mdogo wangu anasoma Marekani, kila akipiga simu ni Kocha Prime, Kocha Prime, yaani huyo Deion Sanders. Huyu jamaa alicheza kweli ile futiboli yao ya helmeti au ni kelele za mitandaoni tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu, alicheza tena haswa. Falcons, timu ya futiboli ya Atlanta, walimchukua 1989 akiwa chaguo la 5 kwenye ugawaji wa wachezaji wapya, kazi yake kuwakaba wadaka pasi, akabeba Super Bowl, fainali ya ligi yao, mbili mfululizo na timu mbili tofauti, 49ers halafu Cowboys, na wakati huohuo besiboli ya kulipwa anacheza! Oktoba 11, 1992 mchana kacheza futiboli Miami, kapanda ndege mpaka Pittsburgh, usiku kavaa jezi ya Braves, timu yake ya besiboli, kakaa benchi, hakuingizwa, ila alifika. Hiyo siku ndo inanimaliza kabisa.

Ukocha wa chuo alianza 2020 Jackson State, Mississippi, chuo cha kihistoria cha watu weusi. 2021 akakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto sababu ya damu kuganda, akarudi kufundisha pembeni ya uwanja yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwisho wa 2022 akaenda chuo cha Colorado, timu ilikuwa imeshinda mechi 1 tu msimu ule, 2023 wakashinda 4, 2024 wakafika 9 na Travis Hunter, kijana aliyemfuata toka Jackson State, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Waliolia alivyoondoka Mississippi nawaelewa kabisa, iliuma.