Kuanza shamba ya familia inje ya Lubumbashi: musingoje mvua

Dada, nimesoma swali yako yote. Munapata nusu hekta upande wa barabara ya Kasenga, batoto bane, bwana anataka mara moja kujenga nyumba ya kuku mia mbili, wewe unaona heri mungoje mvua kwanza, na unauliza mu baridi hii ya mwezi wa sita batoto bataenda kufanya nini kule. Sisi tuko na shamba kidogo upande ule ule, inakuwa sasa miaka kazaa, tunaenda kila wikendi na mu vakansi tunahamia kule kabisa, basi nakujibu vile naona kwetu.

Anzeni sasa. Mu mwezi wa pili kila kiwanja inje ya mugi iko kijani, kila bonde iko na maji, mwenye kuuzisha anakutembeza pale na unakubali kila kitu anasema. Mwezi wa sita haidanganye mutu. Majani imeanza kukauka, unaona udongo, unaona mawe, unaona njia ya maji ilipita wapi, unaona jirani nani iko na bustani kijani na nani hana, na ile peke yake inakufundisha mambo mingi kuliko kuuliza.

Na ya kwanza njo maji. Mvua yetu inaanza karibu mwezi wa kumi na moja, inaisha mwezi wa tatu, kidogo mwezi wa ine, kisha ni karibu miezi sita bila tone. Maji ya chini inaendelea kushuka mpaka mvua irudie, kwa hiyo kisima yenye iko na maji leo haijakuambia kitu bado. Enda kwa jirani mwenye anakaa pale tangu zamani, umusalimie vizuri, umuulize mwezi wa kumi kamba yake inafika wapi. Na kama munachimba yenu, muchimbe mwezi wa tisa ao wa kumi, wakati maji iko chini kabisa, ukichimba sasa mwenye kuchimba atafika ku maji haraka, atapokea makuta yake, na mwezi wa kumi utabakia na shimo kavu.

Kisha muhesabu bustani kufuatana na maji, hapana kufuatana na hamu. Mboga wakati hii inaomba karibu litre tano ku metre moja ya mraba kila siku. Kitalu ya metre kumi kwa moja ni litre makumi tano, ni kusema arozware (ndoo ya kunyweshea) tano za litre kumi, na mwezi wa tisa jua ikishakuwa kali itaomba zaidi. Mutoto wa miaka kumi na mbili anaweza kunyweshea vitalu viwili asubuhi bila kuchoka vibaya. Ukimupatia vitalu kumi atachukia shamba maisha yake yote, na atakuwa na haki.

Udongo sasa. Hii naisema kwa uzito juu ni mambo ya afya ya batoto. Mugi yetu ilizaliwa 1910 juu ya shaba, na kiwanda ya kuyeyusha ilianza 1911, na upepo ya kipwa, wakati bila mvua, huku inatoka sana kusini-mashariki, njo maana moshi ya ile miaka yote ilianguka zaidi kaskazini-magharibi, upande wa Penga-Penga, na udongo ya kule ingali na shaba, kobalti, risasi na kadmiumu. Bataalamu ba Université de Lubumbashi balishapima mboga za mu bustani za mugi na kukuta zile metali ndani ya majani. Upande wenu wa Kasenga hamuko mu njia ya ule moshi, ile ni bahati nzuri, lakini muangalie tena mutoni: kama maji ya kunyweshea inatoka ku mufereji yenye inapita karibu na karieri ao kiwanda, musiitie ku mboga. Na chokaa ya kilimo isikose, udongo yetu hii nyekundu iko na asidi, chokaa inaipunguza na tena inazuia sehemu ya zile metali kupanda mu mumea.

Umeandika pale kuko kichuguu kikubwa katikati na bwana anataka kukiondoa afanye matofali. Tafazali mumuombe akiache hata nusu. Udongo ya kichuguu iko na kalsiumu mingi kuliko ya chini, haina asidi sana, ukichukua kidogo ukatawanya ku vitalu mboga zinaonekana mara moja. Na si kitu ya jana: bataalamu balipima umri ya vichuguu vikubwa vya huku Katanga na njia ya kaboni, bakakuta kimoja kimoja kinafika karibu miaka 2000. Batoto bangu balisikia ile, sasa ile yetu njo fasi yao, banapanda kule juu mangaribi, banaona shamba yote na barabara mpaka kule mbali, na mudogo wao anasema pale ni kwake.

Ya kupanda: wakati hii ya baridi shu (kabichi) inapenda, shu ya Shine inapenda, kitunguu inapenda, karoti pia. Lengalenga inaota lakini pole pole. Nyanya musiiweke bondeni, usiku ya mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka na kulala kule chini, asubuhi unakuta majani imekuwa nyeusi, muipande juu kidogo ku mutelemko ao mungoje mwezi wa nane. Matembele na sombe muweke ku mupaka, hazina kelele.

Sasa batoto, juu najua ile njo swali yako ya kweli.

Mwanzo wa vakansi, egzame ya Leta imeisha, bale ba primeri nao bamemaliza, kila mutu iko mu nyumba na telefone, kelele ku kila chumba. Ukipeleka batoto shambani na kubaambia "saidieni", habatasaidia, batasimama. Kwetu kila mutoto iko na kitu chake kabisa, chenye hakuna mutu mwingine anagusa. Binti yetu wa kwanza iko na kuku. Si kusema "anasaidia mama na kuku", hapana, kuku ni zake, anajua gani inataga mayai, gani inaatamia, anaandika mu kaye siku ilianza juu anajua ni siku makumi mbili na moja, na siku ile inafika utamuona anaamka mbele ya bote, mu baridi, na kitenge ku mabega, anaenda kusikiliza kama vifaranga vinalia mu mayai. Mimi mamake sijamufundisha ile. Mayai akiuzisha kwa majirani, makuta ni yake, na ile mwaka iliyopita alijinunulia kaye na sakoshi ya masomo, baba yake alinyamaza muda murefu kisha akatoka inje.

Kijana wa pili alikuwa mugumu. Alikuwa na miaka kumi na ine, hakutaka shamba, alitaka kubakia mugini na barafiki. Baba yake akamupatia moto. Naeleza: huku kwetu mwezi wa saba mpaka wa kumi pori yote inawaka, mutu anawinda panya, mwingine anachoma makala, mwingine anasafisha tu, na moto ya mwezi wa tisa majani ikishakauka kabisa inakuja na upepo na haisimame. Kwa hiyo mwezi wa sita, majani ingali na unyevu kidogo, unalima ukanda yote kuzunguka shamba, metre tano upana ao zaidi, unatoa majani yote, na kama unachoma mupaka unachoma mangaribi upepo ikishalala, majirani bote banajua, bantu biko na matawi mabichi na maji iko karibu. Ile kazi yote baba na kijana banaifanya bawili. Bwana yangu anafanya kazi ku mine, wiki ingine anarudia mu nyumba hata salamu inamushinda kwa kuchoka, na kijana naye ni wa kunyamaza. Lakini ku ule ukanda nasikia banaongea. Sijui banaongea nini na siendi kuuliza. Nabapelekea chai ya majani ya bulukutu, naweka chini, narudia. Kama nikipaswa kuchagua kitu moja yenye shamba ilitupatia, ningechagua ile, mbele ya mboga na mbele ya kuku.

Badogo, bapatie vitu vya kukomaa haraka. Shu ya Shine mu mwezi moja na nusu hivi banakula. Sungura pia ni nzuri, inabeba mimba mwezi moja tu, mutoto anaweza kungojea. Mbuzi ni miezi mitano, kwa mutoto wa miaka sita ile ni milele.

Na nkambo yao musimuache mugini! Mama-mukwe yangu alikuwa anasema amezeeka kwa mambo ya shamba, tukamutia kiti karibu na mbabula, na sasa njo yeye anapika munkoyo, kinywaji yetu ya bunga ya mahindi na muzizi, njo yeye anaonyesha batoto muzizi gani na majani gani, na jioni baridi ikiingia bote biko pale, bukari na kapenta mu sahani moja, hakuna reseau ya maana kwa hiyo hakuna telefone, banaomba hadisi. Usiku baleteeni mablanketi mingi kuliko vile munafikiri, mwezi wa saba inashuka mpaka digri saba ao chini ya hapo, na nyumba ya kule haina joto ya mugi. Vumbi na baridi zinaleta kikoozi kwa badogo, dawa yao mubebe.

Kwa bwana na kuku zake mia mbili. Mumuambie kwa heshima, lakini mumuambie. Kuku mia mbili za nyama zinaomba chakula ya kununua kila siku, joto usiku mu baridi hii, na mutu mwenye anakaa pale wiki yote. Anzeni na majike nane ao kumi ya kienyeji na jogoo moja. Na mbele ya kuingiza hata moja, chanjo ya Newcastle. Ile ugonjwa njo inamaliza kuku za kijiji yote, unaona shingo inajipinda, mavi ya kijani, kisha siku mbili tatu hakuna kuku, na dawa ya kuiponyesha haiko, ni chanjo tu. Unarudia kila miezi mitatu ao ine. Chanjo ibebwe mu baridi, ndani ya kisanduku na barafu, si mu mufuko ya sakoshi. Kama ni ile ya kutia mu maji, musitumie maji ya robinet, klore inaiua, mutumie maji ya kisima safi, na kuku zikae masaa mawili na kiu mbele ili zinywe yote haraka. Kuku mupya ya sokoni, hata ikiwa nzuri namna gani, ikae peke yake wiki mbili mbali na zingine. Binti yetu iko mukali sana juu ya ile, nkambo mwenyewe alileta kuku ya zawadi na ilibakia peke yake wiki mbili kama zingine.

Unauliza kama italipa. Mushahara, hapana. Nusu hekta ya mahindi mwaka nzuri, na mbolea na mbegu ya maana, inaweza kulisha nyumba yako bunga miezi mingi, na ile si kitu kidogo huku kwetu kwenye bunga mingi inapita Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia. Mu 2024 Zambia ilipata ukame kali, mvua ilikosa, serikali yao ikatangaza ni musiba ya taifa, na hapa Lubumbashi kila mama anakumbuka mufuko ya bunga ilifika wapi. Mwaka ile tulikuwa na mahindi yetu. Lakini muikaushe vizuri mbele ya kuiweka: mutie mahindi kidogo mu chupa kavu na chumvi kavu, mutikise, chumvi ikibandika ku chupa mahindi ingali na maji, muirudishe ku jua. Mahindi yenye ukungu musimupe mutu wala kuku, ile sumu haitoke na kupika.

Karatasi za kiwanja najua mulishaangalia, lakini muende tena kumuona chefu wa kijiji na majirani ba pande zote, muzunguke mupaka pamoja nabo na batoto bakiwa pale. Mulinzi mumutafute ku kijiji ile ile, mumulipe kwa wakati.

Mukienda wikendi hii, mubebe maji ya kunywa, majembe mbili, kamba ndefu na jiwe. Mufunge jiwe ku kamba mupime kisima ya jirani kutoka juu mpaka ku maji, juu kama bwana anafikiri kununua motopompi ya kuweka juu, ile inavuta maji mpaka metre saba hivi tu, kisima ikipita pale, hata mwezi wa kumi tu, itabidi pompi ya kuzamisha ndani na bei ni ingine kabisa. Uandike hapa ile kipimo mbele hajaenda kununua, nitakujibu.