Kiwanja kikubwa barabara ya Nzega au nyumba ya zamani Kanyenye?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka saba na minne, na tunaishi na mama mkwe hapa Tabora mjini. Tumepata sehemu mbili na hatuelewani. Ya kwanza ni kiwanja kilichopimwa nje ya mji, barabara ya Nzega, kama kilomita tisa kutoka katikati. Kina mita za mraba 1,200, kinauzwa shilingi milioni 8, na fundi amekadiria milioni 30 kwa nyumba ya vyumba vitatu. Ya pili ni nyumba ya zamani Kanyenye, vyumba vinne na uani mdogo, wanataka milioni 45. Mume wangu anataka kiwanja, anasema watoto wapate pa kuchezea na mji unakuja huko huko. Mimi tangu tupange mjini nakwenda kazini na sokoni kwa miguu, naona tukihamia kule tutakuwa tumejifunga. Je, ninyi watu wa mipangomiji mna kipimo cha jambo hili au kila mtu anafuata moyo wake? Mama wa wawili, Tabora.

JIBU: Kipimo kipo, dada, tena cha miguu tu.

Mtu mzima kwa mwendo wa kawaida anakwenda mita 80 hivi kwa dakika. Mita 400 ni dakika tano, mita 800 ni dakika kumi. Mmarekani Clarence Perry, katika mpango wa jiji la New York na viunga vyake wa mwaka 1929, alichukua robo maili, yaani hizo mita 400, akachora mtaa wenye shule ya msingi katikati na maduka kwenye kona, barabara kubwa zikipita pembeni ili zisiukate. Mchoro ule bado unafundishwa. Kinachonishangaza ni kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili wenyewe Wamarekani walijenga zaidi vitongoji vya aina nyingine: nyumba na bustani, nyumba na bustani, duka hakuna, na mtoto hafiki popote mpaka mzazi awashe gari. Lakini wao gari walikuwa nalo. Sisi tunanunua mtaa uliochorwa kwa ajili ya gari, halafu tunauendea kwa bodaboda.

Basi Jumatatu moja mchukue huyo wa miaka saba, muanzie mlangoni kwa ile nyumba ya Kanyenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtembee mpaka shule mnayoifikiria. Nimesema yeye, sio wewe peke yako, kwa sababu mtoto haendi mita 80 kwa dakika. Anasimama kufunga kamba ya kiatu, anaokota embe, anauliza swali. Dakika zake ndizo za kuandika. Siku nyingine fanyeni hivyo hivyo kwenda gengeni, duka la dawa, zahanati, msikitini au kanisani, na kazini kwako. Kisha nendeni mkarudie zoezi lote kule kwenye kiwanja. Nadhani mtaishia njiani, na hilo nalo ni jibu.

Msitegemee macho wala mstari ulionyooka kwenye simu. Niliwahi kukagua mradi mmoja wa viwanja ambako ukisimama kibarazani unaliona bati la shule, mita 300 tu. Lakini mitaa yote ilikuwa imeziba mwisho na njia ya kutokea ilikuwa moja, kwa hiyo mtoto alitembea mita 1,200, mara nne ya umbali wenyewe. Mimi ikizidi mara moja na nusu nakunja uso. Mitaa ya zamani kwa kawaida hushinda hapa kwa sababu ya kitu tunachokidharau, vichochoro. Kichochoro kinampa mtoto njia fupi isiyo na gari. Ila kipiteni pia saa mbili usiku, muone kama kuna taa na kama kuna watu waliokaa nje.

Hesabuni na mara mnazovuka barabara kubwa. Shule ya mita 350 iliyo ng'ambo ya lami yenye malori si shule ya karibu. Mwendo ulioruhusiwa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na gari lililo kwenye 50 linagonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lililo kwenye 30, kwa sababu nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa kipeo chake cha pili. Kivuli nacho msikisahau. Oktoba ya Tabora mnaijua wenyewe, na njia yenye miembe ni njia tofauti kabisa na isiyo na mti hata kama mita ni zile zile.

Sasa fedha. Kiwanja na ujenzi ni milioni 38, nyumba ni 45, tofauti milioni 7. Tuseme boda kutoka kule ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, na watoto wote wawili wapande moja. (Mshikaki siupendi, lakini ndivyo watu wanavyofanya.) Mwaka wa shule una siku 194: hapo ni 776,000. Wewe kazini siku 240 ni 960,000. Jumla 1,736,000 kwa mwaka, na bado mume hajatoka, mama mkwe hajakwenda kliniki hospitali ya Kitete, wala hakuna aliyefuata nyanya. Miaka minne imeshakula milioni 6.9. Tofauti yenu ndiyo hiyo imekwisha, na boda la mwaka wa tano linawasubiri getini.

Kuhusu mji kuja, mume wako hakosei. Unakuja. Ila mji una mwendo wake na mtoto ana wake. Nendeni halmashauri mkaombe kuuona mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Mtaona palipoandikwa shule, zahanati, soko, eneo la wazi. Kisha nendeni mkasimame juu ya kila alama. Mkikuta mihogo ya watu, jueni kwamba huyo wa miaka saba huenda akamaliza msingi kabla ya tofali la kwanza. Nasema hivi nikiwa na kidonda. Nami nilinunua nje ya mji, mji mwingine, nikafurahia kwamba mbele yangu pamechorwa uwanja wa michezo. Miaka mitatu baadaye palikuwa na fremu sita na ghala la saruji, na mpaka leo sijui nani aliuza. Mtu wa mipangomiji, nikauziwa mchoro kama mtu mwingine yeyote.

Hoja ya pa kuchezea naiheshimu, lakini tuitazame karibu. Mita za mraba 1,200 mkizizungushia ukuta mnapata watoto wa geti kali: wawili, wanachezeana wao kwa wao, na mpira ukiruka hakuna wa kuurudisha. Kwenye nyumba ya Kiswahili mlango unaangalia njia na baraza iko hatua mbili kutoka njiani. Bibi akikaa pale na ungo wake wa mchele anawaona wajukuu wake na wa jirani kwa pamoja, na mama wa nyumba ya pili akimwona mgeni anauliza, "Huyu wa kwa nani?" Hakuna kamera inayouliza swali hilo. Na huyo bibi mwenyewe mmemuuliza? Kule atabaki peke yake kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, na dawa zikiisha atangoja mtu arudi. Kanyenye anajitoa mwenyewe taratibu, anasalimia, ananunua dagaa, anarudi na habari za mtaa. Sijui kwa nini familia nyingi zikichagua makazi zinapanga kwa ajili ya gari ambalo hazijanunua na kumsahau mzee ambaye tayari yuko ndani.

Kama mnataka kufuga kuku mia tatu au kulima, chukueni kiwanja na msinisikilize. Na kama pesa inaruhusu kusubiri, ulizieni vilevile nyumba za kilomita mbili hivi kutoka katikati. Mji wetu ni tambarare, kilomita mbili kwa baiskeli ni dakika nane.

Kwa maelezo yako, mimi ningechukua Kanyenye, lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Nyumba za zamani zina magonjwa yake. Angalieni shimo la choo liko wapi na kama gari la kunyonya maji taka linaweza kulifikia, maana uchochoro mzuri kwa mtoto ni mbaya kwa lori. Ombeni kuiona nyumba mvua ikinyesha, au kama ni kiangazi tazameni alama ya maji ukutani na muulize jirani, msimuulize dalali. Tafuteni fundi mwingine akague msingi na mbao za paa kabla ya kupatana bei, na gharama yake muitoe kwenye hizo milioni 45.

La mwisho ndilo linaloumiza wengi: nyumba nyingi za mitaa hii ni za urithi. Ukikuta jina kwenye hati ni la marehemu, usitoe hata shilingi, wala ya dalali, mpaka aje msimamizi wa mirathi na barua yake ya mahakama, na warithi wote wasaini mbele ya mwanasheria, akiwemo yule aliyeko Mwanza ambaye kila mtu anasema hana neno.